Shangazi wa Visanduku Hamsini

Marehemu shangazi yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili na wa mwisho wa mama aliyekuwa dobi. Tangu utotoni alijua kutofautisha nguo iliyofuliwa ikatakata na ile iliyofuliwa juu juu, na hakuona haya kukwambia ya kwako ni ipi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968, kisha sekondari, na mwaka 1983 akahitimu ufundi wa nguo chuoni. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika kiwanda cha makoti ya kujikinga ya wahudumu wa hospitali. Baadaye kiwanda kilipoanza kutia vitambaa dawa ya kuua bakteria, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuvipima: anakifua kitambaa, anakipaka bakteria, kisha anahesabu waliosalia.

Mwaka 1988 alifunga ndoa na fundi mashine wa hapo hapo kiwandani. Hawakujaliwa mtoto, na mwaka 1993 mume aliondoka bila hata ugomvi. Jamaa zake wakabaki kuwa familia ya kaka yake. Watoto wa kaka walimwita Shangazi Kaa Mbali, maana akitoka kazini hakumgusa mtu mpaka anawe hadi viwikoni, na akimaliza kunawa wao wameshatawanyika. Walicheka sana wakati ule. Leo wanaona haya.

Mwaka 2006 wakubwa walitaka koti liandikwe kwamba linafaa hata likifuliwa mara mia. Marehemu alikuwa ameona kuwa baada ya mara hamsini dawa haina nguvu tena, akakataa kutia saini. Hakupayuka, alikataa tu, kila Jumatatu, kwa miezi saba. Mwishowe kila koti likashonewa lebo ya visanduku hamsini, kimoja kitiwe wino kila linapofuliwa. Wateja wakapungua, zamu ya jioni ikafutwa, na wenzake wakamsusa. Kwa miaka kumi na tano, hadi anastaafu, alikula chakula cha mchana peke yake kwenye ngazi za nyuma.

Juni 2023 kidonda chake cha mguu kiliingiwa na bakteria sugu, akalazwa chumba cha peke yake. Tarehe 9 Julai binti wa kaka yake, anayesoma wasifu huu, alivalishwa koti ili aingie amkumbatie. Hakuwa amewahi kumkumbatia. Marehemu alilitambua koti lile, akamwomba muuguzi asome lebo. Visanduku vyote vilikuwa vimejaa, na pembeni mtu alikuwa ameongeza alama mbili kwa kalamu.

"Limepitiliza," alisema. "Una mtoto mchanga nyumbani, mwanangu. Nisalimie hapo hapo mlangoni."

Muuguzi, ambaye hakuwa na koti jipya la kutoa, alimwambia mbili si kitu. Marehemu akatabasamu, akasema hata wakubwa zake walizoea kusema hivyo. Wakazungumza nusu saa, mmoja kitandani, mwingine mlangoni, na wote wawili walitamani mno kuvuka zile hatua nne.

Kesho yake saa nne asubuhi binti alirudi na koti jipya alilolitafuta mji mzima. Shangazi alikuwa amefariki saa moja na robo.

Ameacha kaka mmoja, watoto watatu wa kaka, na mjukuu wa miezi mitano ambaye hakuwahi kumbeba. Koti lile jipya tumemfunika nalo, na lebo yake haina hata tone la wino. Pumzika sasa, Shangazi. Leo wote tumesogea karibu.