Séraphin Badibanga na Kazi Zilizoachwa Njiani

Séraphin Badibanga alizaliwa Kolwezi, katika hospitali ya kampuni ya migodi, tarehe 14 Septemba 1951. Familia inaomba neno Kolwezi lisikike vizuri, maana wapo waliotaka kulifuta kwa fimbo. Baba yake, mzee Kanku, aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Hakuja kuiba ya mtu. Mama yake, Kapinga, aliuza mihogo na samaki wakavu mbele ya nyumba yao ya kampuni, mtaa wa Dilala.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri wa Dilala, akamaliza sekondari mwaka 1970, kisha akapata shahada ya hesabu Lubumbashi mwaka 1975. Kampuni ilimpeleka Ubelgiji kujifunza APL, lugha ya kompyuta inayoandikwa kwa mishale, duara na pembetatu. Aliporudi, mama yake alikuta karatasi zake mezani, akashika kifua.

“Séraphin, hibi njo bitu balikufundisha Bulaya? Hii ni maandiko ya mulozi!”

“Mama, ni hesabu tu.”

“Hesabu gani haina hata namba? Mungu atusaidie. Kula kwanza.”

Kuanzia 1977 alifanya kazi katika kituo cha kompyuta cha kampuni. Aliandika programu ya kupanga zamu za pampu zilizonyonya maji chini ya mgodi. Wakati wa mvua, pampu zikikosewa, watu wanazama.

Lugha ile ina mfagizi wake wa ndani. Kitu ambacho hakuna jina linalokishika tena, mfagizi anakiondoa mwenyewe na nafasi inarudi. Hata hivyo, mwaka 1984 mashine ilianza kuandika kwamba kumbukumbu imejaa. Wakubwa waliamuru izimwe na kuwashwa upya. Ikapona kidogo, ikajaa tena. Walipotaka kuizima mara nyingine, Séraphin alisimama mbele ya swichi.

“Usizime,” alimwambia Mbayo, opereta kijana. “Ukizima, unazika maiti bila kujua nini ilimuua.”

Aliiuliza mashine ni kazi zipi zimesimama ndani yake, ikachapa karatasi tele. Kumbe kila programu ilipojikwaa, maopereta waliianza upya bila kuifunga ile iliyojikwaa. Ya kwanza haikufa. Ilibaki imesimama njiani, imekumbatia namba zake zote, na mfagizi aliipita tu, kwa kuwa namba hizo bado zilikuwa na mwenyewe. Dawa ilikuwa kuandika mshale mtupu: kazi iliyosimama inafungwa na kuachilia mzigo wake.

“Mushale moja tu, tata?” Mbayo alicheka; tata ndiyo baba kwetu. “Na shiye tulikuwa tunasali rozari!”

“Musali. Halafu muandike mushale.”

Tarehe 9 Agosti 1980 alikuwa amemwoa Godelieve Tshibola, mwalimu wa chekechea. Walizaa Kabasele, Mianda na Rachelle. Jioni aliwasomea watoto kwa sauti, hata vitabu ambavyo hawakuvielewa, na hakukubali mtu ainuke kabla sura haijaisha.

Kisha shaba ikaanguka. Mishahara ikapotea, na wenye madaraka wakatafuta mtu wa kubebeshwa lawama. Wakatuchagua sisi wenye asili ya Kasai. Bilulu, walituita, wadudu. Machi 1993 vijana waliivunja milango ya Dilala kwa nondo, wakipiga kelele: “Mutoke! Murudi kwenu!” Miongoni mwao walikuwemo wanafunzi wa Godelieve wa zamani. Aliwatambua kwa majina.

Familia ililala stesheni pamoja na maelfu, ikingoja gari-moshi la kwenda Kasai. Rachelle, mwenye miaka miwili, alishikwa na surua. Hapo ndipo Mbayo alipofika na jeep ya kampuni.

“Tata Séraphin, mashini imejaa. Pampu za chini hazina mupango. Mukubwa anasema ukuye mbio.”

Godelieve alisimama. “Jana bilulu, leo tata? Baambie mashini nayo irudi kwao!”

“Mama, kuko bantu chini ya mugodi.”

“Na huyu?” Alimwinua Rachelle, mwili wote moto. “Huyu si muntu?”

“Train haiendi leo,” Mbayo alisema. “Mi mwenyewe nitamurudisha.”

Séraphin alienda, kwa sababu ya wale watu wa chini. Alikuta kosa lilelile. Waliokalia kiti chake walikuwa wanazima na kuwasha tu, na kila asubuhi wanajaza upya kazi zilizosimama. Alizifunga moja moja, mpango wa pampu ukatoka. Mkubwa hakuinua macho. Mlangoni mlinzi alimpekua mfuko, asije akaiba. Yeye na Mbayo walipofika stesheni walikuta reli tupu: gari-moshi lilikuwa limeondoka na familia.

Rachelle alifia kwenye behewa la wazi kabla ya Kamina. Wageni walichimba kaburi kwa sahani, kando ya reli, huku dereva akipiga honi. Baba yake alipanda gari-moshi lililofuata. Wafanyakazi wa chini walipanda juu salama zamu ile. Hakuna aliyewaambia ni kwa kazi ya nani.

Huko Kasai, mjini Mwene-Ditu, alifundisha hesabu. Mwaka 2006 alirudi Kolwezi, akaomba cheti chake cha kazi. Karani alisoma faili. “Tata, hapa wanasema uliacha kazi.”

“Nilikuwa na kazi mpaka mulipovunja mulango wangu.”

Hawakusahihisha. Familia inasahihisha leo, mbele yenu: hakuacha kazi. Alifukuzwa, na hata akiwa amefukuzwa, alifanya kazi. Vijana wa kompyuta wa mjini walipomletea programu zao za lugha mpya zinazojaa kumbukumbu, swali lake lilikuwa lilelile: “Nani bado anashika?”

Mwaka 2011 miguu ilianza kuvimba. Zahanati tatu zilimpa dawa ya malaria bila kumpima. Wao pia walikuwa wanazima na kuwasha. Figo zilipogunduliwa, zilikuwa zimekwisha. Alifariki Dilala, tarehe 3 Juni 2012, mkono wake katika mkono wa Godelieve. Binamu walipendekeza mwili upelekwe Kasai. Mjane alijibu kwa neno moja: “Hapana.” Ndiyo maana tumesimama hapa, kando ya kaburi la mzee Kanku.

Bwana Mbayo ni mmoja wa waliobeba jeneza. Alisomewa maandishi haya jana. Alisema, “Musome yote.”

Marehemu ameacha mjane, Godelieve Tshibola. Watoto wawili, Kabasele na Mianda. Na wajukuu wanne. Alitanguliwa na Rachelle, ambaye hakuna awezaye kutuonyesha alipolala.

Séraphin Badibanga apumzike kwa amani. Hasira ametuachia sisi, nasi tutaitunza.