Fundi Jumatatu na Daftari la Sala

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Nanyi mlioko jikoni, punguzeni kelele za vyombo kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwasha mashine wakati haihitajiki.

Alikuwa fundi wa jenereta hospitalini. Miaka ishirini na sita, jenereta ileile, kibanda kilekile nyuma ya chumba cha kufulia. Kila Jumatatu saa tatu asubuhi, umeme upo na taa zote zinawaka, yeye anaingia kibandani na kuiwasha. Nusu saa. Kisha anaizima na kuandika kwenye daftari: imewaka. Wauguzi wakambandika jina, Fundi Jumatatu, nalo likamganda mpaka kanisani.

Lakini hakuzaliwa na nidhamu hiyo. Mwaka wake wa pili kazini, Jumatatu moja aliiruka. Kwaya ilikuwa na wageni, naye alikuwa mwimbaji wa kutegemewa. Akajisemea, kazi ya Mungu kwanza, mashine itangoja. Jumanne umeme ukakatika. Akabonyeza swichi, kimya. Betri ilikuwa imekufa. Wodini kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akipumua kwa mashine ya oksijeni. Wauguzi walikimbilia mtungi wa akiba, wakachelewa. Yule mama akafariki.

Mkewe, mshonaji wa sare za shule, anakumbuka siku ile. "Hakuna aliyemfukuza. Hata barua hakuandikiwa. Afadhali wangemfokea. Alirudi akakaa mlangoni na viatu miguuni mpaka chai ikapoa. Akaniambia, mke wangu, nimemsingizia Mungu."

Tangu hapo akawa na madaftari mawili. La kibandani mnalijua. La pili lilikaa nyumbani, juu ya kiti kando ya kitanda, na jaladani aliandika Sala. Kila alfajiri saa kumi na moja alipiga magoti kwenye kiti hicho. Kabla ya kuomba, anaandika tarehe. Akimaliza, anaandika neno moja kama la kazini: imewaka, akihisi amesikiwa, au haikuwaka. Vijana wa kanisani walimtania, wakisema hata mbinguni ataomba aonyeshwe jenereta iko wapi. Alicheka nao, kisha akawauliza, "Bwana akija, utamwambia ngoja kwanza nikanunue betri?"

Wasikilizaji wapendwa, Fundi Jumatatu alifariki wiki tatu zilizopita. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyepewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Akalifungua daftari la sala akitafuta maneno matamu ya kusoma mazishini. Akakuta haikuwaka. Akafunua ukurasa, haikuwaka. Miezi minane mfululizo, haikuwaka.

Binti mwenyewe alikuwa ameacha kuomba kwa miaka miwili. Alikuwa akijiambia, baba yupo, ananiombea. Sasa aliona kwamba alikuwa ameegemea ukuta wenye nyufa.

"Mama, hili tulichome," alisema. "Watu wakiliona watasema baba alikuwa anaigiza."

Mama yake alikuwa anakata uzi. "Mimi nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilale naye chumba kimoja nisijue? Nilimuuliza, baba watoto, unajitesea nini kama huko juu hawapokei? Akasema, jenereta isipowaka hufungi kibanda ukaenda zako. Unaangalia betri, unaangalia dizeli, na kesho unarudi."

"Na kama amekufa bila kujibiwa?"

Mama akaendelea kukata uzi. Mimi sina jibu, wasikilizaji. Swali hilo limeninyima raha wiki nzima.

Alifariki siku ya Jumatatu. Mkewe alimkuta saa kumi na mbili asubuhi, magoti yako chini na kichwa kimelala juu ya kiti. Hospitalini hawakuwa na habari. Ilipofika saa tatu kibanda kikawa kimya, muuguzi mkuu akatazama saa ya ukutani, akaanza kulia kabla hajapigiwa simu.

Katika ukurasa wa mwisho, tarehe ya siku ile ipo, kwa mwandiko wake ulionyooka. Mbele yake hakuna neno. Si imewaka, si haikuwaka. Pako wazi.

Tunatoa pole kwa mke wa marehemu, kwa binti yake, kwa kwaya, na kwa wote wa hospitali ile. Bwana awatie nguvu. Nasi tuliobaki tujiulize, hasa sisi tunaosema mama yupo, mchungaji yupo, wataniombea. Nikikatikiwa umeme leo, nimejiwekea akiba gani? Mimi nimejiuliza, na jibu sikulipenda.

Daftari halikuchomwa. Asubuhi ya pili baada ya mazishi, saa kumi na moja, binti alipiga magoti kwenye kile kiti. Chini ya tarehe ya baba yake akaandika ya kwake. Nafasi ya baba hakuigusa. Akaomba mpaka maneno yakamwishia, na hayakuwa mengi. Kisha akaandika: haikuwaka.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. "Vipi?" akamuuliza.

"Kimya, mama."

"Haya. Kesho nitakuamsha."