Mama Vitalis na Trei Mbili za Newala

Bi. Isabela Nathanaeli, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Vitalis, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na minne ya kazi ya maabara, tisa ya mwisho akiwa msimamizi wa Maabara ya Pamoja hapa Masasi. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Nurdini, niandike wasifu wake. Nadhani wamekosea mtu, maana kwa miaka hiyo tisa sijamwonea wivu mtu yeyote kama yeye. Nimekubali kwa sababu hakuna aliyemchunguza kwa karibu kuliko mimi.

Alianza mwaka 1991 na darubini moja, akisoma vimelea vya malaria. Mwaka 2016 ulipokuja utafiti wa saratani ya mlango wa kizazi, watafiti walitaka wanawake elfu kumi na moja wa Masasi, Newala na Tandahimba wapimwe kwa mashine moja, wilaya zote zichangie. Sisi wa Newala tuliitaka mashine hiyo, na barua ya maombi niliiandika mimi. Watafiti walikuja, wakafungua bomba letu, likatoa hewa tupu. Wakashuka zao Masasi. Mashine ikawekwa huko, na usimamizi akapewa Mama Vitalis. Mimi nikabaki Newala kupokea sampuli, kubandika lebo na kupakia boksi la baridi.

Niliumia. Nilimtafutia makosa, sikuyapata. Mashine ikigoma aliikemea kwa Kimakua, na mara mbili nimeiona kwa macho yangu ikiitika. Hata wanawake wa Newala, ambao sampuli zao nilizipokea mimi, wakija kuchukua majibu waliniuliza, “Mama Vitalis amesemaje?”

Mwaka 2019 tuliarifiwa kwamba yeye ndiye atakayetuwakilisha kwenye mkutano wa watafiti Dar es Salaam. Siku hiyo nilibandika lebo peke yangu, mikono ikiwa kazini na moyo ukiwa kwingine.

Wiki mbili baadaye akanipigia simu. “Baba Ashraf, naona trei zako mbili zimebadilishana lebo. Wanawake tuliowaona na vidonda, majibu yao yanasema wako salama.”

Nilimjibu kwamba labda mashine yake imechoka. Hakubishana. Alisimamisha majibu yote ya wilaya tatu, watafiti wakanung'unika, naye akarudia sampuli zote za trei hizo na za siku hiyo nzima. Kosa lilikuwa langu. Wanawake wanne walikuwa wameshapewa barua za kuwaambia wako salama, na hawakuwa salama.

Katika ripoti aliandika jina langu, hakulificha. Chini yake akaandika kwamba utaratibu wa mtu mmoja kubandika lebo peke yake aliuweka yeye, na kuanzia siku hiyo watabandika wawili. Nilikasirika zaidi. Nilitaka anisingizie jambo, nipate sababu ya kumchukia.

Kisha akapanda Newala, tukaenda pamoja kwa wale wanne. Wa kwanza alikuwa Cecilia wa Kitangari, mama wa watoto watano. Nilidhani Mama Vitalis ndiye atakayezungumza.

“Utasema wewe, Baba Ashraf,” akaniambia mlangoni. “Mimi nitakaa hapa hapa karibu yako.”

Nikasema. Nilieleza kwamba majibu aliyopewa yalikuwa ya mwingine, na kwamba niliyekosea ni mimi. Cecilia akamgeukia Mama Vitalis.

“Sasa nimechelewa?”

“Hujachelewa, mwanangu. Lakini tusipoteze siku nyingine. Kesho asubuhi njoo hospitalini, mimi nitakuwepo.”

Alikuwepo. Cecilia alitibiwa, na wenzake watatu pia. Wote wazima mpaka leo. Tukikutana sokoni Newala, Cecilia ananiuliza kwanza hali ya Mama Vitalis, halafu ndipo anakumbuka kuniuliza yangu. Na hilo nalo nalionea wivu.

Tangu siku ile hakuna lebo iliyobadilishana. Utafiti ulimaliza kupima wanawake wote, na Maabara ya Pamoja imeendelea kupima hata baada ya watafiti kuondoka. Mwezi uliopita nilipata barua: msimamizi mpya ni mimi, na aliyenipendekeza ni yeye.

Mama Vitalis, kwa niaba ya wenzako wa wilaya tatu, asante. Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha na mikorosho inayozaa huko nyumbani Nanganga. Kwangu kuna deni moja. Umenizidi miaka minane, lakini kila asubuhi kwenye simu nilikuwa nakuambia “habari za kazi”, ili tuonekane sawa. Leo nasimama mbele ya wote.

Shikamoo, Mama.