Sakafu ya Gari la Chiwata

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Selestini, fundi bodi wa Chiwata. Alifariki Jumapili iliyopita, akiwa njiani kupelekwa hospitali Masasi. Alikuwa juu ya bodaboda, dereva mbele yake, mkewe nyuma yake, wamembana asianguke. Gari la wagonjwa lilikuwepo. Lilikuwa uani kwake, halina sakafu.

Chiwata ina gari moja tu la kubebea wagonjwa, pikapu kuukuu ya kijiji. Gari moja tu. Msimu wa kupuliza mikorosho, hilohilo hubeba salfa. Salfa ikimwagika na mvua ikainyeshea, bati huliwa.

Mwaka juzi sakafu ilishika kutu. Kijiji kikamharakisha fundi, naye akaimwagia asidi ya betri. Kutu iliondoka kwa siku moja. Akapiga rangi, watu wakamsifu. Lakini asidi ilibaki kwenye maungio ya bati, ikaendelea kula chini ya rangi. Baada ya miezi minane Bi Hamida, mjamzito, aliikanyaga sakafu ile gari likiwa mwendoni. Mguu ukapita hadi barabarani. Mtoto alipona. Mguu haukupona.

Tangu siku hiyo Selestini hakuigusa asidi.

Novemba hii kutu ilirudi. Grinda ingelitoboa bati, maana lilikuwa limebaki jembamba kama jani. Akaing'oa sakafu, akachagua maji yaliyochachuka ya mabibo, yale matunda ya mikorosho. Unalowesha vitambaa, unavilaza juu ya kutu, unavibadilisha kila asubuhi, mpaka kutu igeuke nyeusi na kufutika. Kazi ya wiki tatu. Majirani walimcheka, wakasema gari litafika hospitali limelewa. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Nurdini, alikwenda mara nne kumsihi. Mvua hizo zinakuja, alisema, na asidi ni siku moja.

Selestini alimjibu: "Shikamoo, Mzee. Mguu wa Hamida naukuta kisimani kila asubuhi. Kauulize wenyewe kama nifanye haraka."

Miaka thelathini ya vumbi la msasa ilikuwa imemla kifua. Jumapili asubuhi alikohoa damu. Binti yake, Sijaona, alikimbilia gari, akakuta sakafu iko chini juu ya magogo, imefunikwa vitambaa. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Mkewe, Bi Veridiana, alinisimulia hivi: "Nilimwambia njiani, Baba Sijaona, ungetumia asidi leo tungekuwa ndani ya gari. Alinishika mkono, akaubana. Tulipofika Lisekese, mlangoni mwa Masasi, ukalegea."

Wasikilizaji wapendwa, mama huyu ananiuliza kama mumewe alikosea. Msiniambie ni kudra tu, kisha mkalala. Salfa ile ni ya mikorosho yetu. Haraka ile ya mwaka juzi ilikuwa yetu. Tulimtaka mtu mmoja, mwenye kifua kibovu, apambane peke yake na kutu tuliyoipakia sisi wenyewe.

Pole, Bi Veridiana. Pole, Sijaona. Pole, Chiwata. Mungu ampumzishe fundi wetu.

Mvua imeanza tangu juzi. Sakafu sasa ni nyeusi, safi, na hakuna wa kuichomelea. Bi Veridiana bado anabadilisha vitambaa kila asubuhi, kama alivyoelekezwa na mumewe. Maji ya mabibo yamebaki debe moja.