Mbuzi wa Luhende Aliyetolewa Ngomani

Benchi letu lilikuwa gogo la mvule mbele ya duka la kijiji, pale Nyamahanga, na mwaka ule wa vita duka lenyewe halikuwa na kitu ila chumvi na mwenye duka. Kahawa tuliinywa chungu, tukisikiliza malori ya jeshi yakipita kwenda kaskazini, kila mmoja akiomba yasisimame kwake. Mimi nilikuwa na nafasi yangu mwisho wa gogo, nimetandika kingozi changu cha kukalia, maana kiuno cha bibi hakipatani na mti mkavu. Mwenye birika alikuwa Protasi, tuliyemwita Hakimu kwa sababu aliwahi kuitwa shahidi mahakamani Biharamulo, akarudi amevaa koti. Pembeni yake Evaristi, yaani Redio: redio yake iliishiwa betri zamani, lakini habari hazikumwishia. Asubuhi hiyo akaja Luhende, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga, akajibana katikati yetu.

— Wanakuja leo, akasema. Kila kaya yenye mifugo itoe ng'ombe mmoja au mbuzi wawili, mchango wa vita.

— Nawe mbuzi unaye mmoja, nikasema. Kijijini kwetu najua hata kuku wa nani anatagia wapi.

— Mmoja, bibi. Na yule ng'ombe. Tangu binti yangu afariki, mjukuu hajui titi jingine ila la ng'ombe yule. Lakini tangazo linasema aliyekwisha kutoa anapunguziwa. Mbuzi wangu mwingine, yule mweupe mwenye baka jeusi, si nilimtoa kwenye ngoma ya Shibuda? Mlikuwepo.

Tulikuwepo. Shibuda, mcheza ngoma, alikuja na kundi lake na chatu wake, akacheza uwanjani kutwa nzima, akatangaza kwamba chochote atakachotunzwa ni cha askari walioko mbele.

— Basi umeshatoa mmoja, unaongeza mmoja, ng'ombe anabaki, nikasema.

Hakimu akaweka birika chini.

— Polepole, bibi. Cheti kiko wapi?

— Shibuda hakuwa na vyeti, akasema Luhende. Alikuwa na njuga.

— Hapo ndipo kesi inapolala. Mchango unapelekwa kwa katibu kata, unapigwa muhuri. Ukimpa mcheza ngoma, umemtunza. Kwenu Usukumani mchezaji akitunzwa mbuzi, anamrudisha?

— Harudishi.

— Umejihukumu mwenyewe.

— Lakini alisema ni kwa ajili ya askari. Alisema mbele ya watu wote.

— Alisema akiwa na chatu shingoni. Maneno ya namna hiyo hayaingii kwenye faili.

— Mimi nilisikia kwenye taarifa, akaingilia Redio.

— Redio yako imekufa, akasema Hakimu.

— Nilisikia kabla haijafa. Walisema kinachotolewa kwenye sherehe hakihesabiwi chote. Kwanza wanaondoa kile alichokula mtoaji pale pale. Luhende, ulikula nini?

— Sahani ya nyama. Na rubisi.

— Rubisi kiasi gani?

— Kibuyu. Kibuyu na nusu.

— Haya. Ondoa paja, ondoa pombe. Kwa hesabu ya serikali wewe umetoa mbuzi wa miguu mitatu, na hata hiyo mitatu inayumba.

Tukacheka kidogo, tukichungulia barabarani. Luhende hakucheka.

— Kuna baya kuliko hilo, akasema Hakimu, sauti ikishuka. Huyo Shibuda, tangu siku ile nani amemtia machoni? Aliniuliza malori yanapita saa ngapi.

— Hata mimi aliniuliza, akasema Redio. Na ile ngoma yake kubwa, mbona hakuipiga hata mara moja? Mle ndani mlikuwa na mtambo. Wa kuongea na Kampala.

— Basi Luhende amemlisha jasusi.

— Na akidai kupunguziwa, amejitaja.

— Watamchukua yeye pamoja na ng'ombe.

Kahawa ikammwagikia Luhende gotini, wala hakuifuta.

— Mtanisemea, akasema. Mimi nitasema nilitoa, nanyi mtasema mliona. Bibi, wewe uliona.

— Niliona, nikasema.

Ndipo akatokea Véronique, Mrundi fundi cherehani, aliyevuka mpaka kwa upande wa Murusagamba miaka ile ya taabu kwao. Kwetu alikuwa na mwezi mmoja tu.

— Shikamoo bibi.

— Marahaba, mwanangu.

Akanunua chumvi yake, akasimama kutusikiliza, kisha akauliza kwa upole:

— Samahani. Huyo mbuzi, nani alimfikisha kwa askari?

Hakimu akachungulia ndani ya birika. Redio akakohoa.

Mbuzi yule hakutoka hata nje ya kijiji. Shibuda alisema mbuzi hawezi kutembea mpaka Kyaka kwenye vita, achinjwe, nyama iuzwe, pesa ndizo ziende. Hakimu akachukua mguu, atalipa kesho. Redio akachukua mbavu, naye kesho. Wote kesho. Shibuda akaondoka na njuga zake, hana hata senti. Na wakati ule mtu aliyekula mali ya askari aliitwa mhujumu. Mmoja wa kijiji cha Nyamigogo alipandishwa lori kwa jina hilo, na mke wake bado anauliza.

Hatukupata muda wa kuongea. Novatus, mgambo, alikuwa ameshafika, kamba begani.

— Shikamoo bibi. Luhende, ng'ombe au mbuzi wawili? Kama ulishatoa, sema, nami niandike na mashahidi wako.

Luhende akamtazama Hakimu, Hakimu akatazama viatu vyake. Akamtazama Redio. Akanitazama mimi, muda mrefu kuliko wenzangu, kisha macho yakateremka mpaka kwenye kingozi nilichokalia, cheupe, chenye baka jeusi ubavuni.

— Sina mashahidi, akasema. Sikutoa kitu.

Wakaenda pamoja kumfungua ng'ombe.

Redio akatikisa birika, tupu. Wakainuka mmoja mmoja bila kuagana. Véronique alibaki amesimama na chumvi yake mkononi, ananisubiri niinuke anisindikize nyumbani. Nikamwambia atangulie, miguu inaniuma. Nilikaa pale juu ya kingozi hadi jua likanifikia, na kutoka kwa Luhende nilimsikia mtoto akianza kulia.