Uongo Mmoja Alioombwa Mama Vinabana

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1958, katika nyumba ya vyumba viwili, mtoto wa tatu kati ya wanne wa fundi matofali na mshona magunia. Inasemekana alilia mara moja, akanyamaza, akaanza kuwatazama watu mmoja mmoja. Waliokuja kukaa naye meza moja baadaye waliamini kwamba hata siku ile alikuwa na la kusema, ila maneno ndiyo yalikuwa bado.

Alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia 1966, kisha sekondari ya wasichana hadi 1976. Katika mafundisho ya komunyo ya kwanza, Sista aliuliza darasa kwa nini tunazishika amri za Mungu. Darasa zima likapaza sauti: "Ili tusiende motoni!" Yeye akanyoosha kidole. "Mimi nazishika kwa sababu nikizivunja Yeye atasikitika, na mimi sipendi asikitike." Sista alimpa nusu maksi, kwa kuwa jibu la kitabu lilikuwa jingine. Alipofika nyumbani alimwambia mama yake kwamba amepata nusu, wala hakuwa ameulizwa.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika duka la viatu la barabara kuu, na huko ndiko alikopata jina la Mama Vinabana, ambalo wengi wenu mnalijua kuliko la ubatizo. Mteja akiketi kwenye benchi la kupimia na kuuliza, "Vinanipendeza?" yeye alijibu, "Vinakupendeza sana. Ila vinabana, na kesho utanilaani." Mwenye duka alimvuta pembeni: "Dada, hapa umeajiriwa kuuza, si kuungama." Akahamishiwa stoo, akakaa katikati ya maboksi miaka miwili. Alirudishwa mbele baada ya aliyemrithi kutoroka na viatu vyote vya maonyesho, ambavyo vilikuwa vya mguu wa kulia tupu. Alistaafu mwaka 2013.

Tarehe 19 Novemba 1983 alifunga ndoa takatifu na fundi makochi wa mwishoni mwa barabara hiyohiyo, anayejulikana kama Fundi Kesho kwa sababu ambazo kila aliyewahi kumpelekea kochi anazikumbuka. Walikutana fundi alipokwenda kununua viatu na kudai anavaa arobaini na moja. "Arobaini na tatu," alisema msichana, bila kupima. Hakuna mtu aliyewahi kumbishia kuhusu miguu yake mwenyewe. Aliondoka na arobaini na tatu, na moyo umebaki dukani. Yanayofuata yanasomwa kwa ruhusa ya fundi, ambaye maagizo yake yalikuwa mafupi: "Msipambe. Atajua."

Kila alfajiri mke aliamka, akajipaka mafuta, akafunga kitambaa chake kizuri cha kichwa, akatoka kwenda misa huku akiimba chinichini. Fundi alibaki kitandani akihesabu kwamba kitambaa kile yeye hukiona kikiondoka tu, hakioni kikija kwake. Mwanamke haimbi bure. Asubuhi moja alimfuata, akajibanza nyuma ya nguzo. Akawaona vikongwe sita, Padri mwenye kikohozi, na mzee wa sakristia mwenye meno manne. Alirudi nyumbani mwepesi kama aliyetua gunia. Wepesi huo ulidumu mpaka wakati wa chai.

"Huko unafurahia nini hasa?" aliuliza.

"Naonana na ninayempenda."

"Na mimi?"

"Wewe si tunaonana hapa nyumbani?"

Hapo fundi akaelewa kwamba hali ni mbaya kuliko alivyodhani. Mwanamume mwenzake angemwita nje wakamalizana. Huyu hata nje angemwitaje, na yuko kila mahali?

Akatafuta kipimo. Kama mke alimpenda yeye zaidi, angesema uongo mmoja kwa ajili yake. Hakutaka mkubwa. Siku hiyo mwalimu mstaafu alibisha hodi kuulizia kochi lake la tangu masika. Fundi akarukia nyuma ya pazia. "Mwambie nimesafiri," alinong'ona.

"Fundi yupo?" aliuliza mwalimu.

"Yupo, mwalimu, karibu. Yuko nyuma ya pazia. Kochi bado, hata springi hajanunua."

"Ahsante, mama," alisema mwalimu, kisha akaliambia pazia: "Shikamoo, fundi."

Mwalimu alipoondoka, fundi alitoka akiwa amefura kwa hasira. "Uongo mmoja tu, mke wangu! Wenzako wanawasemea waume zao kila siku."

"Najua. Nawasikia."

"Yote kwa kuogopa moto!"

"Moto? Ungekuwa moto ningeshazoea, nimeolewa na wewe." Akacheka, kisha akaacha. "Yule nampenda, baba watoto. Mtu unayempenda akikuomba jambo, unaanza kutafuta mwanya?"

Wivu ukishapanda haushuki kwa hoja. Mwaka 1991, alfajiri moja, fundi alifunga mlango kwa kufuli kwa nje, akakaa barazani na ufunguo mfukoni. Alingoja kelele, asizipate. Akasikia mke anasali jikoni kwa sauti ya kawaida, akiwataja watu wa kuombewa, na jina la kwanza lilikuwa lake yeye. Hilo lilimuuma kuliko matusi. Alifungua. Mke alipita, akaenda zake, akawahi baraka ya mwisho. Kwa muda mrefu baada ya hapo waliongea mambo ya chumvi na ada za shule tu.

Fundi alibadilika, na ukoo mzima ni shahidi, ingawa makochi hayakubadilika. Alianza kumsindikiza hadi mlango wa kanisa, kisha kuketi benchi la nyuma, kisha la katikati. Lakini alibeba swali moja ambalo hakulitoa, kwani alikuwa amemwoa mtu pekee mtaani asiyeweza kumpa jibu la kumpoza. Kanisa linasema alichounganisha Mungu binadamu asikitenganishe, na mke wake hakuwahi kumkatalia Mungu kitu. Je, alibaki kwa kumpenda mumewe, au mumewe naye alikuwa amri moja kati ya nyingine?

Mwaka 2021 figo za mke zilianza kushindwa kazi. Alihudumiwa katika hospitali ya misheni, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Fundi alimpikia supu mwenyewe, akampelekea kila siku.

"Tamu?"

"Haina ladha kabisa. Niongezee."

Adhuhuri moja ya Januari mwaka huu wa 2023, bakuli likiwa limekwisha, fundi alijikaza akauliza. "Mungu asingekuamuru, ungekaa na mimi?"

Mke alifikiri. Fundi anasema alifikiri kupita kiasi.

"Mwaka ule wa kufuli, nisingekaa. Nguo nilishazifunga. Nilikaa kwa sababu nilimwahidi Yeye. Wewe sikutaka hata kukuona."

Fundi akainamisha kichwa. "Na baada ya hapo?"

"Ulirudi taratibu. Siku moja nikajikuta nakungoja uingie, na amri sikuikumbuka hata kidogo. Ila nisingemsikiliza Yeye mwaka ule, usingenikuta."

"Unasema kweli?"

"Lini nimekudanganya?"

Hakuwahi. Fundi aliyetumia nusu ya ndoa akiomba uongo mmoja aligundua kwamba kama angepewa, jibu hili lisingekuwa na thamani ya kisigino kilichong'oka.

Hata hivyo tabia ni ngozi. "Kwa hiyo mwaka mzima ulikuwa wa Yule," alisema.

"Mmoja tu, mume wangu. Mwachie."

Alipewa Mpako wa Wagonjwa na komunyo ya mwisho asubuhi ya tarehe 2 Machi 2023. Aliipokea Ekaristi kwa tabasamu ambalo fundi anaapa hakuliona hata siku ya harusi. Kisha akanyoosha mkono, akaushika wa mumewe, na hakuuachia mpaka alipofariki, kabla ya saa nne.

Marehemu ameacha mume, dada mmoja, watoto watatu, wajukuu watano, na watu wengi wanaotembea bila sugu miguuni. Mume wake ametutuma tuseme kwamba amekubali aende kwa Yule aliyempenda, ila kwa shingo upande. Na Mungu, aliyejitaja kwa kinywa chake kuwa ni Mungu mwenye wivu, atamwelewa. Kwake Yeye apumzike, na amani iwe yake yote.