Mama Zamu, Aliyetubakiza Kazini

Ijumaa, tarehe 30 Juni, msimamizi wetu wa mauzo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika duka hili la vyombo vya nyumbani. Jina lake la kwenye kitambulisho lipo, lakini hata wateja humwita Mama Zamu.

Alianzia kwenye rafu za masufuria na ndoo. Alikuwa na mtindo wa kupindua ndoo na kuikalia ili mteja aone ilivyo imara. Siku moja ndoo ikapasuka, akaenda chini kama gunia. Aliinuka, akajipangusa, akamwambia mteja, "Hiyo usichukue, mwanangu. Chukua ya bluu." Ya bluu ikauzwa.

Jina la Mama Zamu alilipata mwaka ule sheria mpya ya kazi ilipoanza kutumika. Kibarua aliyefanya kazi zaidi ya miezi sita alitakiwa apewe mkataba, siku ya mapumziko na malipo ya saa za ziada. Tulishangilia siku moja tu. Kesho yake bosi alituita stoo, akasema hawezi kuzimudu gharama hizo. Vibarua wote tungeondoka mwisho wa mwezi. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa duka lingemfia mikononi.

Mama Zamu alimfuata ofisini, nasi tukamsikia kupitia mlango ulioachwa wazi: "Bosi, asubuhi tunapigana vikumbo humu na mteja hayupo. Jioni foleni inafika mlangoni, watu wanatua vikapu wanaondoka. Nipe mwezi mmoja nipange zamu. Nikishindwa, anza kunifukuza mimi."

Bosi alikubali shingo upande. Mama Zamu akaweka wachache asubuhi na wengi jioni, na saa za ziada zikapungua mno. Zamu ya jioni hakuna aliyeitaka, kwa hiyo aliichukua yeye kwanza, nasi tukamfuata. Mumewe akalazimika kujifunza kupika, na mpaka leo anadai alionewa. Wenzetu wawili wenye watoto wachanga hawakuiweza zamu hiyo, wakaacha kazi. Hilo lilimuuma sana. Sisi wengine tulisaini mikataba, na mwandishi wa maneno haya ni mmoja wetu. Mauzo ya jioni yalipopanda, bosi aliajiri wapya, safari hii kwa mkataba tangu siku ya kwanza.

Mama, asante. Tumesomesha watoto kwa kazi ambayo nusura ituponyoke. Sasa lala mpaka uchoke kulala, na ukija dukani, njoo kama mteja. Tunakuombea afya njema, na nyumba isiyokaukiwa vicheko.